Vali Yenye Tumbo

"Usiwakamate," sauti ya Mkuu ilimwambia sikioni. "Wafuate tu. Nataka kujua mzigo unalala wapi."

Rahisi kusema ukiwa umekaa ofisini chini ya feni.

Nukta alikuwa juu ya Yamaha, ameulalia usukani, na mbele yake lori jeupe lilikuwa likikata kona za mtaa wa viwanda kana kwamba breki ni haramu. Jua la mchana lilikuwa linachoma lami. Nyuma ya lori, katikati ya makreti, alikaa mwanamume mmoja mwenye shati la kijani ambaye kwa muda mrefu alikuwa akimtazama tu. Sasa akachoka kutazama. Akaingiza mkono kiunoni.

"Wameniona," Nukta akasema.

"Una hakika?"

Risasi ya kwanza ikang'oa kioo cha pembeni cha pikipiki.

"Nina hakika, Mkuu."

Ya pili ilipita karibu na sikio, akasikia upepo wake. Nukta akachomoa Glock. Hakumlenga mwenye shati la kijani. Alilenga mkanda uliofunga makreti, akafyatua mara mbili, mkanda ukakatika. Kreti la juu likayumba, likaanguka, likapasuka katikati ya barabara. Ilibidi apige breki mpaka tairi la nyuma likachora nusu duara, la sivyo angekuwa wa kuokotwa kwa fagio.

Lori halikusimama. Liliingia kwenye ghala kubwa la mabati mwisho wa barabara, na geti likafungwa nyuma yake.

Vali za shaba zilikuwa zimetapakaa kila mahali, zinang'aa. Ni zile vali zinazokaa kwenye shingo ya mtungi wa hewa, mtungi anaoubeba askari wa zimamoto mgongoni ili apumue ndani ya moshi. Kila moja ilikuwa na lakiri ya vifaa vya uokoaji. Forodha hawafungui kitu chenye lakiri hiyo, na Suti alilijua hilo vizuri. Suti ndiye mteja wa kigeni ambaye Idara ya ujasusi ilikuwa ikimwinda, na kwenye kiwanda kilichotengeneza vali hizo walimwita hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila koti.

Nukta akaokota vali kubwa. Akazungusha kitako chake, kikafunguka. Ndani kulikuwa na tumbo lililochimbwa kwa ustadi, na ndani ya tumbo, vimefungwa kwa sponji, viwashio vya mabomu.

"Tumepata," akasema. "Viwashio. Vimo ndani ya vali kubwa zinazokwenda nje, kama tulivyohisi."

"Safi sana! Rudi basi."

Lakini Nukta hakurudi. Karibu na buti lake palikuwa na vali ndogo iliyopasuka ilipogonga lami. Akaiokota. Nayo ilikuwa na tumbo.

Tumbo tupu.

Akaigeuza juani mara mbili, akautazama ukuta wake.

Wanaodhani ujasusi ni kulala hoteli kubwa na kuvaa miwani nyeusi, pole yao. Kabla ya kuwa jasusi Nukta alikuwa mchoraji wa mitambo, na Idara ilimchukua kwa ajili hiyo tu. Alikuwa ameajiriwa kwenye kiwanda cha vali, akikaa mbele ya kompyuta kutwa nzima akichora, macho yanauma, mgongo unauma, akisubiri kuona ni nani humo ndani anayemchorea Suti matumbo. Kwa hiyo alichokiona mkononi alikielewa upesi kuliko alivyotaka.

Vali za kile kiwanda zilichorwa kwa familia. Kuna mchoro mmoja, mama. Kuna jedwali la vipimo. Kutoka kwa mama na jedwali wanazaliwa watoto: mtoto namba moja ana shingo hii, namba mbili ana shingo ile, na kila mtoto ana faili lake. Ukimbadilisha mtoto mmoja, programu inakuuliza: badiliko hili ni la "Huyu Tu" au la "Wote"? Mtu mwenye haraka anapita bila kusoma. Na kawaida yake, alama inakuwa imekaa kwenye "Wote".

Aliyemchorea Suti alitaka tumbo kwenye vali kubwa ya nje peke yake. Akasahau kuhamisha alama. Familia nzima ikapata tumbo. Vali kubwa ina nyama ya kutosha, inavumilia. Ndogo, ukuta wake unabaki mwembamba kama kopo la soda, na hewa iliyomo kwenye mtungi haina mchezo.

Na vali ndogo za kiwanda kile zilikuwa zimefungwa wiki iliyopita kwenye mitungi yote ya zimamoto ya mji.

Mdogo wake Nukta alikuwa zimamoto. Kijana mrefu, mchekeshaji, wenzake wanamwita Ngazi. Aliuleta mtungi mpya nyumbani kuringa nao. "Dada, angalia, hii ni ya kiwanda chenu! Sasa nikifa nitajua pa kulalamika." Walicheka wote wawili mpaka mama yao akawaambia waache maneno ya kisirani.

Nukta alikuwa bado ameishika vali iliyopasuka alipoona moshi.

Mweusi, mzito, unatoka chini ya bati za lile ghala. Watu wa lori walijua wanafuatwa, kwa hiyo waliwasha moto nyuma yao wakatokea geti la pili. Moto huo ulikuwa wa kumzuia yeye. Ndani ya ghala kulikuwa na wapakiaji waliokuja kazini asubuhi kama siku zote, na sasa walikuwa wakigonga mabati kwa ngumi.

Akakimbilia geti. Kufuli. Akalipiga risasi, halikufunguka, akalipiga tena, chuma kikamrudia shavuni. Mbali kidogo ving'ora vikaanza kulia.

"Hapana," Nukta akasema. "Hapana, hapana, hapana."

Akatoa simu, Nokia ndogo ya kazini, akampigia Kamanda wa zimamoto. Namba alikuwa nayo kwa ajili ya mdogo wake.

"Kamanda, mimi dada yake Ngazi. Usiingize mtu. Vali mpya ni mbovu."

"Mbovu vipi?" Nyuma ya sauti ya Kamanda injini ilikuwa inanguruma.

"Zimechimbwa ndani, ukuta mwembamba. Zikipata joto zinapasuka, na mtungi unakuwa bomu mgongoni mwa mtu."

Kamanda akapaza sauti kushinda injini.

"Zote?"

"Sijui. Zina namba shingoni. Nyingine nzima, nyingine siyo."

"Sikiliza, dada. Mitungi yetu ni mchanganyiko, kila mwaka na aina yake, kwa hiyo namba za vali haziko sawa. Nina watu wamefungiwa mle ndani. Nikivua mitungi yote, hao wanakufa. Wewe niambie namba zipi nzima. Na uniambie upesi."

Nukta alikuwa ameshawasha pikipiki.

Kiwanda kilikuwa mwanzo wa barabara ileile. Alipita getini bila kusimama, mlinzi akabaki na kitabu chake cha wageni mkononi. Alipanda ngazi mbili mbili mpaka chumba cha michoro: chumba kirefu, mapazia ya plastiki, mashine ya kuchapa ramani inakoroma pembeni, birika la umeme juu ya kabati. Alikuwemo mtu mmoja tu, kijana wa skripti, zile amri zinazoifanya kompyuta ifanye kazi yenyewe, mdomo umejaa mkate. Kwa mwendo wake wa kazi walimwita Chapchap.

"Dada Nukta! Mbona unatoka damu? Na hiyo ni bastola?"

"Mzee Bikari yuko wapi?"

"Ametoka sasa hivi. Dada, hiyo ni bastola?"

Mzee Bikari alikuwa mkuu wa wachoraji. Yeye ndiye aliyemfundisha Nukta kazi ya hapo, akimwita mwanangu, na yeye na Chapchap walikuwa wamegombana miezi yote ambayo Nukta alikuwa hapo, ugomvi wa kuchekesha uliokuwa burudani ya ofisi.

"Familia unaiona," Mzee alikuwa akisema. "Mama huyu hapa, watoto hawa hapa. Akikohoa mmoja unajua ni nani."

"Mzee, watoto wote hawa utawafungua mmoja mmoja mpaka lini? Skripti inawapitia wote wewe ukinywa chai."

"Na ikikosea?"

"Itakosea kwa wote."

"Ahaa! Mmesikia wenyewe?"

Na chumba kizima kilicheka. Nukta alikuwa upande wa Mzee. Skripti ilikuwa na giza lake: unabonyeza, vipuri vinatoka, hakuna jicho lililoviona. Kwa hiyo, kama kuna matumbo yanachimbwa kwa siri, yatakuwa yanachimbwa na Chapchap. Miezi yote alisoma skripti za yule kijana mstari kwa mstari, macho yakajaa mishipa myekundu. Hakukuta kitu. Familia hakuigusa. Nani anakagua familia? Kila mtu anaiamini.

Akajisukumia kitini, akaweka simu mezani bila kuikata, akaifungua familia.

Mtoto wa kwanza. Kompyuta ikafikiri, kijiduara kinazunguka, kinazunguka, umbo likajengwa upya. Nukta akalikata kwa msumeno wa kwenye skrini, akaona tumbo, akapima ukuta. Unatosha.

Wa pili. Kijiduara. "Haya, mama, haya," akaiambia kompyuta. Unatosha.

Wa tatu. Kijiduara kikazunguka mpaka akataka kukipiga ngumi. Mwembamba.

"Kamanda! Namba moja na mbili ni nzima. Tatu vua!"

"Endelea," Kamanda akajibu. Alikuwa anahema. "Dada, wawili wameshaingia. Kuna mtu alikuwa analia nyuma ya mlango, sikuweza kuwashika."

"Nani na nani?"

Kamanda akashusha sauti.

"Ngazi na mwenzake."

Watoto waliobaki kwenye jedwali walijaza skrini kutoka juu mpaka chini na kuendelea. Mmoja mmoja, kwa kompyuta hii, angemaliza kwenye matanga.

"Nina skripti," Chapchap akasema nyuma yake. Mkate ulikuwa umemwanguka. "Inapima kuta zote. Inapita familia nzima kwa mkupuo."

"Umewahi kuijaribu kwenye familia hii?"

"Mzee alinikatalia. Ila ujue kitu kimoja. Niliiandika irekebishe. Inapima, inaona pembamba, inanenepesha, inahifadhi papo hapo. Kila inachogusa inaandika juu yake."

"Ondoa sehemu ya kuandika."

"Imeshikana na ya kupima. Nikiikata kwa haraka hivi, inaweza kukupa namba za uongo. Wewe utazisoma, wao watazifuata."

"Nakili familia kwanza."

"Itachukua muda mrefu kuliko kuwafungua kwa mkono, dada."

Mkuu alikuwa amesikia kila kitu. "Nukta, usithubutu," sauti yake ikasema sikioni. "Historia ya michoro ile ndiyo inayoonyesha aliyechimba tumbo. Ndio ushahidi wetu wote. Ukiuandika juu, kesi imekufa, Suti anapanda ndege. Miezi yako yote imekwenda na maji. Unanisikia? Hiyo ni amri."

"Mdogo wangu yuko ndani, Mkuu."

"Nimesikia. Pole. Ni amri."

Nukta akang'oa kile kidude cha mawasiliano sikioni, akakiweka juu ya meza, taratibu, kama mtu anayevua hereni.

"Iendeshe," akamwambia Chapchap. Mara akamshika mkono. "Ngoja. Anza na hizi nne." Akaweka vali iliyopasuka mezani. Shingoni palichongwa saba. "Saba ni mbovu, naiona kwa macho. Moja na mbili nzima, tatu mbovu, nimezipima. Kama skripti yako itasema vingine, tunaiacha na Mungu atusaidie."

Chapchap akachapa. Skrini ikawa nyeusi, mistari myeupe ikaanza kushuka.

Moja, inatosha. Mbili, inatosha. Tatu, nyembamba. Saba, nyembamba.

"Wote!" Nukta akapiga kelele. "Twende wote!"

Kijana akabonyeza. Mistari ikashuka kwa kasi, na kwa kila mstari kipande cha ushahidi kikafutika. Nukta aliona vizuri anachokifanya. Alikuwa anasoma tu. "Nne nzima. Tano vua. Sita vua. Saba vua. Nane nzima. Tisa nzima. Kumi vua." Upande wa pili Kamanda alikuwa akirudia kwa sauti, na nyuma yake watu wakijibu, vifungo vikifunguliwa, mitungi ikibwagwa chini.

Mstari mmoja ukageuka mwekundu.

*Kumi na moja: faili linatumiwa na mtu mwingine. Limerukwa.*

Skripti ikaendelea mpaka mwisho, Nukta akiwasoma wote, ikabaki ile moja.

"Kamanda, ambazo hazijaitwa ni kumi na moja tu. Nani anayo?"

Kamanda alikuwa na ubao wa kuingilia, ulioandikwa jina la kila askari na namba ya vali ya mtungi wake. Nukta akasikia kidole kikishuka kwenye ubao.

"Mwenzake ana nne. Ngazi ana kumi na moja." Na papo hapo, "Dada, ni nzima hiyo? Sema kitu."

"Nani amelifungua?" Nukta akamgeukia Chapchap. "Nani amelishika hilo faili?"

Chapchap akatazama skrini. Uso wake ukawa wa mtoto aliyeona wazazi wanapigana.

"Kompyuta ya chumba cha kumbukumbu," akasema. "Ni Mzee."

Nukta alitoka mbio, simu mkononi.

Chumba cha kumbukumbu kilikuwa mwisho wa ukumbi, kina mlango wa kioo chenye ukungu. Nyuma ya kioo aliona vivuli viwili, kimoja kimekaa, kimoja kimesimama. Aliyesimama alikuwa na koti.

"Nimesema ufute," Suti alikuwa akisema, kwa Kiswahili fasaha cha kujifunzia. "Familia nzima. Andika neno la siri, ufute, twende."

"Ngoja nirekebishe kwanza." Sauti ya Mzee Bikari ilikuwa inalia. "Bwana wangu, ngoja nirekebishe. Kuna moto kule. Wale vijana watakufa."

"Hayo si yako."

Mdomo wa bastola yenye kiziba sauti ukasogea kwenye kisogo cha mzee.

Nukta hakuita wala hakujitambulisha. Alipiga kupitia kioo. Kioo kikamwagika chote, Suti akazunguka ameshika bega, bastola yake ikafyatuka ikatoboa kabati la mafaili, na kabla hajailenga tena Nukta alikuwa amemfikia, amemkanyaga mkono, amempiga kitako cha Glock juu ya sikio. Suti akalala. Koti lake lilikuwa bado limefungwa vifungo vyote.

Mzee Bikari hakugeuka hata. Vidole vyake vilikuwa kwenye kibodi, anabadilisha kipimo cha tumbo kwa mkono, tarakimu moja moja, jasho linamdondoka juu ya vitufe.

"Nyamazeni kidogo," alikuwa anasema. "Nyamazeni, nimeshaanza."

"Mzee! Kumi na moja. Ukuta una ngapi?"

Akamwona. Akaona bastola.

"Mwanangu, wewe ni nani?"

"Kumi na moja, Mzee!"

"Nyembamba." Akafunika uso. "Nyembamba kuliko zote. Ndiyo maana nimeanza nayo. Waliniambia ni dhahabu watakayoficha humo. Nikasema, dhahabu haimuui mtu. Nikawa na haraka, nikaacha alama kwenye 'Wote'. Mimi! Mimi ninayewafundisha wenzangu! Kosa nimelijua leo asubuhi nilipofungua mchoro wa mama. Niache nirekebishe, sijamaliza, niache..."

"Mchoro huu unaurekebisha wa nini?" Nukta alimshika mabega, akamtikisa. "Vali imeshatoka kiwandani! Iko moyoni mwa moto, mgongoni mwa mdogo wangu wa tumbo moja! Utaifuta kwa kipanya?"

Mzee akamtazama kama mtu aliyeamshwa kwa maji.

Halafu yule mchoraji mkuu akarudi ndani ya macho yake.

"Asiivue," akasema. "Akiivua, moshi utamuua. Apunguze msukumo. Pembeni ya barakoa kuna kitufe cha kumwaga hewa. Akifungue, hewa yote itoke. Msukumo ukishuka, ukuta utahimili."

"Na atapumua nini?"

"Itakayobaki."

"Itamfikisha nje?"

"Sijui, mwanangu." Machozi yalikuwa yanamchuruzika mpaka kwenye kola. "Wallahi sijui."

Nukta akainua simu. "Kamanda, niunganishe na Ngazi. Weka simu kwenye redio."

Mkwaruzo. Mkwaruzo tena. Kisha pumzi nzito ya mtu ndani ya barakoa.

"Ngazi hapa."

"Ni mimi."

"Dada?" Hata mle ndani alipata nafasi ya kushangaa. "Umeingiaje kwenye redio yetu?"

"Sikiliza, usinibishie. Fungua kitufe cha kumwaga hewa. Fungua moja kwa moja, uache itoke."

"Unaumwa? Nina mtu begani. Mlango uko mbali."

"Najua."

"Nitabaki bila hewa!"

"Najua, mdogo wangu. Vali yako inapasuka. Ukibaki na hewa yote utakufa, ukiimwaga labda hutakufa. Sina jingine. Fungua, nakuomba. Nakuomba kwa mama."

Pumzi mbili nzito ndani ya barakoa.

Halafu wakasikia hewa ikitoka kwa kishindo, kama tairi la basi, na juu yake hatua za buti, na kikohozi cha mpakiaji aliye begani, asiye na barakoa. Ile sauti ya hewa ikaanza kupungua. Ikawa mluzi. Mluzi ukawa mwembamba.

Ukakatika.

Redio ikabaki inakwaruza.

Nukta alisimama katikati ya vioo akiwa ameibana simu sikioni kwa mikono miwili. Aliwahi kupigwa risasi, aliwahi kufungiwa kwenye buti la gari, lakini hakuwahi kuogopa hivi. Mlangoni Chapchap alikuwa amesimama amejishika kichwa. Sakafuni Suti aliguna, na hakuna aliyemjali.

"Ngazi," Kamanda alikuwa akiita. "Ngazi, jibu. Ngazi."

Hakuna.

"Ngazi, jibu!"

Mzee Bikari alikuwa ameteremka kitini, amepiga magoti, paji la uso limegusa ukingo wa meza.

Mkwaruzo.

Kelele za watu wengi kwa pamoja. Mtu anapiga yowe, "Mshike! Mshike huyo mwingine!" Maji yanamwagika. Halafu kikohozi, kikohozi kibaya cha kung'oa mapafu, na Nukta alikitambua kikohozi kile kama anavyokitambua kicheko chake, kwa maana walilala chumba kimoja utoto mzima.

Akakaa chini palepale juu ya vioo.

Alipokuja kuinuka, uso ulikuwa umeshakauka na ni ule wa kazini. Alimfunga Suti pingu kwenye mguu wa kabati. Alirudi chumba cha michoro, akakipachika tena kile kidude sikioni.

"Mkuu, Suti ninaye."

"Lori tumelibana kwenye mizani ya barabara kuu," Mkuu akasema. Sauti ilikuwa ya barafu. "Viwashio vyote vimo. Lakini dereva anasema hajui kitu, na mteja wako atasema hajui kitu, na historia ya michoro umeifuta. Wewe mwenyewe, kwa mikono yako. Nitasimama mahakamani na nini?"

Mzee Bikari alikuwa amemfuata, amesimama nyuma yake, ameshanyoosha mikono mbele kabla hajaambiwa.

"Mwambie bosi wako historia imefutika," mzee akasema, "lakini mimi sijafutika. Nitasema. Tangu siku ya kwanza yule bwana alipokuja na dhahabu yake ya uongo. Nitasema kila kitu."

Mkuu alisikia. "Mlete," akasema.

Chapchap aligeuka akatazama dirishani wakati pingu zinafungwa. Nukta naye angependa kutazama kwingine. Mikono ya mzee ilikuwa baridi, na ndiyo iliyomwekea kipanya vizuri siku yake ya kwanza pale.

Simu ikalia. Ngazi. Alikuwa anaongea kwa shida, koo limechubuka, na nyuma yake wapakiaji walikuwa wanaita majina ya wenzao na kuitikiwa.

"Dada. Wameikata vali yangu kwa msumeno sasa hivi. Unaweza kuona mwanga upande wa pili. Mwanga, dada!" Akakohoa. "Ningekuwa majivu. Ila niambie kitu. Nani alikuambia nimwage hewa?"

Simu ilikuwa na sauti kubwa. Mzee Bikari alisikia kila neno. Akainamisha kichwa, akasubiri.

"Aliyeichora," Nukta akasema.

Upande wa pili kikohozi kilikoma.

"Nenda hospitali," akamwambia. "Nakuja."

Akakata simu. Akavaa kofia yake ya pikipiki, akamshika Mzee Bikari kiwiko, akamteremsha ngazi polepole kwa sababu magoti yake yalikuwa yanauma, akamkabidhi kwa watu wa Idara waliokuwa wanaingia getini. Akawaonyesha juu alikomfunga Suti. Yamaha ilishika kwa teke la kwanza. Alipita mbele ya ghala lililokuwa bado linafuka, akaongeza mwendo.